Nati Mbili na Kindi wa Sikio Bovu

Pf.

Huo ndio mlio ninaoukumbuka kuliko mingine yote ya mwaka ule. Si ta! ya risasi ya udongo ikigonga jiwe, wala si ting! ya mkebe ukianguka kutoka juu ya kigingi. Pf, kama mtu aliyepuliza unga kwenye kiganja. Ungeusikia ungedhani ni kitu cha bure tu. Mimi kila nilipousikia nilijua mambo mawili: kuna kindi mahali fulani amebaki hai, na kuna mtu amedanganywa. Na huyo mtu alikuwa nyanya yangu.

Tunakaa nje ya Kitengela, upande wa kuelekea Isinya, pale ambapo ploti za watu zimeanza kusukumana na malisho, na ng'ombe bado wanapita mbele ya mlango wako bila kuomba ruhusa. Nyanya yangu, ambaye namwita Susu kama watu wetu wa Ukambani wanavyoita, alihamia hapa zamani na sufuria mbili, Biblia moja na mkebe wa mbegu za ndengu. Sufuria zilitoboka. Biblia ilitafunwa na panya kuanzia Mwanzo mpaka karibu na gharika. Mbegu ndizo zilizobaki nzima.

Zilikuwa mbegu za mama yake. Ndengu ndogo, za kijani kilichokolea mpaka kikakaribia weusi, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Hazikuwa dukani. Susu alishazitafuta sokoni Kitengela, akazitafuta mpaka Kajiado, akarudi akisema za huko ni za kujaza tumbo tu. Zake alizizika ndani ya majivu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ili dumuzi wasiingie, na kila msimu akapanda, akavuna, akarudisha mbegu kwenye majivu. Halafu mvua ikakosa, ikakosa tena. Mwaka huu ninaoeleza, mkebe ulikuwa umebaki nusu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ile alama ambayo mtu anakuuliza mara moja, unamjibu, anaanza kuongea juu ya hali ya hewa. Sikuwa na wasiwasi. Niko na roho ya kuota mchana, na wakati huo nilikuwa na ndoto kubwa ambayo nitaisema baadaye, usinicheke.

Watu wetu hupanda kwa mavumbi. Hawangoji mvua. Wanaona mawingu yanaanza kujipanga huko mbali, wanatia mbegu kwenye udongo mkavu, mvua ikinyesha inaikuta iko tayari mlangoni. Ni ujanja mzuri ukiwa Ukambani. Huku kwetu una shida moja, kwamba mbegu inangoja mvua, lakini kindi hangoji.

Hawa si kindi wa mitini. Ni wale wa kukaa chini, rangi ya vumbi lenyewe, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Wanatoboa ardhi kando ya ua wa miiba ya kayaba, wanatoka asubuhi jua likishika moto, na wakigundua mstari uliopandwa wanaufuata shimo kwa shimo, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma kwa kidole. Mbegu za kwanza walizimaliza kwa siku tatu. Susu alirudi kwenye mkebe, akapanda zilizobaki, mistari sita mifupi nyuma ya nyumba. Mkebe ukabaki majivu matupu.

Akajipangusa mikono kwenye leso, akaniangalia.

"Hizi zikiliwa," akasema, "mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekwambia sukari imeisha. Ndiyo maana sikuweza kusahau.

Sasa aingie Afande. Ni jirani yetu, mzee wa Kimasai aliyestaafu jeshi, mrefu, mwembamba, na fimbo yake anaishika kama bado kuna gwaride mahali. Kila mtu anamwita Afande, hata mbwa wake nadhani. Alikuwa na bunduki ndogo ya halali, ile wanaita point two-two, risasi yake nyembamba kama kifutio cha penseli, ya kutishia mbweha wasile mbuzi wake. Lakini leseni ilikuwa imeisha na yeye mwenyewe akawa amesahau, kwa hiyo bunduki ilikuwa imelala kituoni mpaka atengeneze karatasi. Kila alipoenda Kajiado kutengeneza karatasi, alipitia kwanza kwenye soko la mifugo "kuangalia tu." Akarudi na kondoo. Mara ya pili akarudi na kondoo. Mara ya tatu alirudi na kondoo wawili na picha za pasipoti, lakini picha zilikuwa zimetafunwa na kondoo.

Asubuhi hiyo alitukuta tumesimama tunaangalia mistari sita.

"Takwenya," akamsalimu Susu.

"Iko," Susu akajibu, ambaye Kimasai chake ni hicho na maneno mengine kumi, yote ya kununua maziwa.

"Ni kindi?"

"Ni wezi."

Afande akazunguka shamba akiinama hapa na pale, akagusa shimo kwa ncha ya fimbo, akatingisha kichwa. "Ningekuwa na bunduki yangu, mama, hii kazi ni ya nusu saa. Mmoja akianguka, wengine wanahama. Kindi ni watu wa kuogopa."

"Lakini hauna."

"Lakini sina." Akanigeukia. "Wewe entito, msichana, unajua kutumia feya?"

Nilijua. Nani alikulia huku bila feya, manati ya mpira? Nilisema kidogo tu, kwa heshima, halafu nikaokota kijiwe na kumwonyesha ile feya yangu ya zamani kwa kugonga jerikeni iliyokuwa mbali. Jerikeni ikalia. Afande hakusifu. Alitazama kijiwe nilichotumia kana kwamba nimekula na mkono mchafu.

"Mkono uko," akasema. "Risasi ndiyo hakuna. Mawe yako moja limenenepa, lingine lina pembe. Leo utapiga kulia, kesho kushoto, utasema ni upepo. Tutatengeneza risasi."

Hapo ndipo nikaingia jeshini bila kuvaa buti.

Kwanza tulitengeneza feya upya. Yeye alileta tawi la oloirien, mzeituni wetu wa mwituni, lenye umbo la herufi Y iliyoandikwa na mwalimu mwenye mwandiko mzuri. Mipira tuliikata kwenye tyubu ya baiskeli. Kipande cha ngozi cha kushikia risasi tulikitoa kwenye ulimi wa kiatu changu cha shule, na nikaona hicho kiatu hatimaye kimepata kazi ya maana.

Halafu risasi. Udongo wetu huku ni ule mweusi, ambao mvua ikinyesha unabeba nusu ya shamba kwenye kiatu kimoja. Niliuchekecha kwa wavu wa dirisha mpaka ukabaki laini kama poda, nikautia maji kidogo, nikaukanda kama chapati, nikaufunika usiku mzima ushikane. Asubuhi nikaviringisha vidonge kwenye kiganja, kimoja kimoja, ukubwa wa punje ya hindi. Hapo Afande akatoa mfukoni nati mbili za gari, moja tundu lake kubwa kidogo kuliko la nyingine, amezifunga kwa kamba kama medali.

"Hii ya kwanza, risasi lazima ipite," akasema. "Hii ya pili, lazima ikatae. Ikipita zote, ni mtoto. Ikikataa zote, ni kitambi. Zote mbili zinarudi kwenye beseni."

Siku ya kwanza niliviringisha mia moja na kitu. Zilizofaulu mtihani wa nati mbili zilikuwa kumi na nne. Nilifikiria alama zangu za kidato cha nne nikaona kumbe ningesahihishwa na Afande ningeitwa kurudia mpaka leo.

Zilizofaulu zilikaushwa kivulini siku mbili, si juani, kwa sababu jua linazipasua. Halafu nilizipika jikoni kwenye sufuria ya mchanga, nikikoroga pole pole kama karanga, mpaka zikabadilika rangi na kuanza kulia zikigongana. Afande alichukua moja, akaitia kati ya magego, akaibana. Kak.

"Risasi nzuri unaijua kwa jino," akasema. "Tulifundishwa hivyo."

"Jeshini walikuwa wanang'ata risasi?" Susu akauliza.

"Mama, jeshini tulifanya mengi."

Na jioni ilikuwa zamu ya kujaza upya. Afande hakukubali kitu kipotee. Niliokota zilizopasuka kwenye mazoezi, nikazitwanga, nikalowesha vumbi lake, nikaviringisha tena. "Ganda la risasi halitupwi," alikuwa anasema, "linajazwa." Kuna risasi nadhani nilizizaa mara tano.

Sasa ile ndoto. Nilikuwa nimeona kwenye simu ya rafiki yangu mashindano ya Olimpiki, wasichana wamesimama kimya na bunduki ndogo, wanavuta pumzi, wanagonga kitu kidogo kama tundu la sindano, halafu wanavishwa medali wakiwa hawajatoka hata jasho. Nikasema, huu ndio mchezo wangu. Kukimbia siwezi, napenda sana kula. Lakini kusimama kimya na kulenga, hapo mimi ni mtu wa kwanza. Kwa hiyo nilipokuwa nagonga mikebe kwenye vigingi vya Afande, ting, ting, ting, sikuwa Kitengela. Nilikuwa mahali penye bendera. Nilishapanga hata nitamshukuru nani, na kwamba nitalia kidogo tu, jicho moja.

Kwa wiki moja niligonga mikebe tisa kati ya kumi, huku Susu akilinda shamba mwenyewe kwa kupiga debe. Afande alisema, "Sidai," ambayo ni nzuri kwa Kimasai, na kutoka kwake ni kama kupewa nyota ya bega. Susu alisema, "Mikebe haijawahi kula ndengu yangu. Enda shambani."

Nikaenda. Nikajificha nyuma ya pipa la maji. Jua likashika, na kindi wa kwanza akatoka.

Alikuwa na sikio moja lililochanika mpaka kwenye mzizi. Akasimama wima kwa miguu ya nyuma, mikono ameiweka juu ya tumbo, akaangalia huku na kule, kama mama anayengoja mwenzake watoke pamoja kanisani. Nikavuta mpira mpaka kwenye shavu. Nilikuwa namwona vizuri kabisa. Umbali ulikuwa ule ule wa kigingi cha tatu. Nikaona pua yake ikitetemeka. Nikaona, Mungu wangu, kwamba ana matiti. Ana watoto chini ya kayaba.

Niliachilia risasi ikapita juu angani kama kumsalimu ndege.

Nilijaribu tena siku hiyo, na kesho yake. Mkono unaogonga tundu la mkebe ulikuwa unageuka uji nikiona pua. Lakini nyuma yangu alikuwa Afande, amekaa kwenye stuli, anahesabu. Akaniuliza kwa nini risasi nzuri inaenda mbinguni. Ningemwambia nini? Msichana wa Olimpiki anamhurumia panya mwenye mkia wa brashi?

Kwa hiyo nilifanya ujanja.

Nilichukua mavi ya ng'ombe makavu, nikayatwanga, nikachanganya na majivu na udongo kidogo sana, wa kushikisha tu. Nikaviringisha. Nikapitisha kwenye nati mbili, kwa sababu hata mwongo ana viwango vyake. Sikuzipika, nilizipaka masizi ya sufuria zikafanana kabisa na zile halali. Risasi ya namna hiyo ikitoka kwenye mpira inaenda vizuri hatua kadhaa, halafu ikigusa kitu, hata manyoya, inakuwa vumbi. Pf.

Mara ya kwanza nilimpiga yule wa sikio bovu katikati ya kifua. Pf. Akaruka, akaingia shimoni. Afande akapiga paja lake. "Amepatikana!" Baada ya dakika kumi kindi akatoka, akajikung'uta, akaendelea na mstari.

"Huyu ana roho ngumu," Afande akasema.

"Sana," nikasema.

Nakwambia nilifurahi. Nilifurahi siku tatu nzima. Nilikuwa shujaa mbele ya Afande na mtakatifu mbele ya kindi, na nikaona nimeigawanya dunia vizuri. Nikikumbuka ile furaha nataka kujifinya.

Kwa sababu kindi nao walijifunza. Walijifunza kwamba yule binti nyuma ya pipa ni mtu wa vumbi. Wa sikio bovu alikuwa anapigwa pf mgongoni, anageuka kuniangalia, anaendelea kuchimba. Alileta wenzake. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha.

Afande alifanya uchunguzi. Alilaumu upepo. Akalaumu unyevu, na hakukuwa na unyevu, wote tulikuwa tunauombea. Akalaumu kiwiko changu, akakifunga kwa kitambaa. Siku moja akasogeza stuli karibu, akateremsha sauti.

"Entito, niambie ukweli. Kuna kijana?"

"Afande!"

"Mimi nimefundisha vijana wengi kulenga. Mtu akipenda, risasi inashuka inchi mbili."

"Hakuna kijana."

"Kama yuko, apatikane, aende, tujue moja."

Jambo moja tu lingeniumbua, na nilikuwa na bahati kwamba haliwezekani. Gego lake la kung'atia lilikuwa limevimba. Shavu lote limejaa kama amebeba ndimu. Hakung'ata risasi hata moja wiki mbili hizo.

Mstari wa tatu ukaliwa siku ya Alhamisi. Susu hakunigombeza. Alikuwa anapita kila jioni, anachomeka kijiti mahali palipochimbwa, mpaka shamba likaonekana kama limeota vijiti. Jioni hiyo niliingia jikoni nikamkuta amekaa chini, amemwaga majivu ya ule mkebe kwenye ungo. Anapepeta. Anapitisha kidole kwenye majivu, taratibu, kama unavyotafuta uvimbe kwenye kichwa cha mtoto aliyeanguka.

"Unatafuta nini, Susu?"

"Zilizojificha."

Alipata kumi na moja. Alizipanga kwenye kiganja, akazihesabu, akazihesabu tena, labda zitakuwa kumi na mbili. Hazikuwa. Akazifunga kwenye pembe ya leso na kuipiga fundo.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya pipa. Mfukoni nilikuwa na risasi ishirini za mavi, na zilikuwa nyepesi kiasi kwamba ungesahau umezibeba. Sikusahau. Niliamua asubuhi nitasema. Nilipanga maneno yote, hata mahali pa kulia.

Lakini Afande alikuwa ameenda Kajiado siku hiyo, kwa ajili ya karatasi za bunduki, na akili yake ikamwambia apitie kwanza kung'olewa jino. Asubuhi, kabla sijafungua mdomo, alifika kwetu na kondoo mmoja mpya, shavu limeshuka na roho nyeupe.

"Leo tunapata jibu," akasema. "Lete risasi." Akaingiza mkono kwenye kikapu changu cha risasi, akachukua moja, akaiangalia juani, akaipitisha kwenye nati mbili. Ilipita ya kwanza, ikakataliwa na ya pili. "Umbo ni zuri. Wacha tuone moyo."

"Afande, ngoja—"

Akaitia upande mzima wa mdomo, akabana.

Haikusema kak. Haikusema kitu.

Taya likasogea kidogo kulia, kidogo kushoto. Susu, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, akasimamisha kikombe hewani. Mimi nilikuwa naangalia kondoo.

Afande akameza. Sijui kwa nini alimeza. Nadhani ni nidhamu.

"Entito," akasema kwa upole sana, "huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Sijui, Afande."

"Amekula majani ya bondeni. Si wangu. Wangu hawashuki bondeni."

Susu alianza kwenye mabega. Mabega yakatikisika, kisha kikombe, kisha chai ikamwagika, kisha akakaa kwenye kizingiti, leso imemwanguka kichwani, anacheka bila sauti huku machozi yanamtoka. Afande naye akaanza kutema na kucheka kwa pamoja, kitu ambacho sikushauri. Na mimi nikacheka, nikafikiri, ah, kumbe nimepona.

Susu akafuta macho. Akaacha kucheka kama mtu anayefunga bomba.

"Tangu lini?"

Nikasema yote. Nikasema pua, nikasema matiti, nikasema watoto chini ya kayaba, nikasema majivu na masizi. Yale maneno niliyopanga yalikataa kuja kwa mpangilio, na nililia macho yote mawili.

Susu alifungua lile fundo la leso, akaangalia mbegu kumi na moja, akalifunga tena.

"Huruma si kosa," akasema. "Lakini yako umeilipia na mbegu za mama yangu. Hukuuliza mwenyewe. Ukitaka kumhurumia mtu, toa kwenye sahani yako."

Kama angenipiga ningeshukuru.

Afande ndiye aliyekohoa. Alikuwa amesukutua na chai ya Susu, kikombe kizima. "Mama," akasema, "huyu mtoto amempiga kindi kifuani kwa mavi, wiki mbili, hakukosa. Mimi nilihesabu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anaweza pia kumkosa. Kwa kidole kimoja. Risasi ngumu, ile iliyopikwa, igonge jiwe mbele ya pua. Mnyama hajui umekosa. Anajua tu kifo kimepita karibu." Akanigeukia, na ile sauti ya gwaride ikarudi. "Lakini kukosa kwa makusudi ni kazi ya mlenga shabaha wa kwanza kabisa. Ukitetemeka inchi moja, umeua. Unaweza?"

Nilisema sijui. Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli nililompa mwezi ule.

Tulizivunja zile bandia zote. Nilitengeneza nyingine usiku na mchana, udongo mtupu, mchanga wa moto, na Afande akaning'atia kila kundi, kwa uangalifu sasa, akinusa kwanza. Tulipanga mawe bapa kando ya mistari mitatu iliyobaki, jiwe kila hatua mbili. Nikahamia nyuma ya pipa. Nilikula huko, nikachomwa na jua huko, nikaacha kabisa kuwaza bendera na medali kwa sababu hakukuwa na nafasi. Kulikuwa na jiwe tu, na pua karibu na jiwe, na kidole kimoja katikati.

Ta!

Yule wa sikio bovu aliruka kwenda juu, wima, kama ametolewa na springi. Alipotua hakungoja maelezo. Akarudi baada ya muda, kwa ubishi, kwa sababu alinifahamu mimi ni mtu wa vumbi. Ta! Vipande vya udongo vikamrukia ndevu. Alikaa shimoni mpaka mchana. Siku ya pili aliangalia pipa kwa muda mrefu, akasimama na mikono yake tumboni, na naapa aliniangalia kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Nilivuta mpira mpaka shavuni. Ta!

Siku ya tisa mvua ilikuja. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa mvua, na udongo mweusi ukafunga nyufa zake. Baada ya siku nne Susu aliniita bila kupaza sauti. Mistari mitatu ilikuwa imetoka, imekunja shingo, na majani mawili mawili bado yamevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Kulikuwa na mapengo. Susu akainama, akachomeka zile kumi na moja kwenye mapengo kwa kidole.

Tulilinda mpaka maganda yakakauka. Afande aliendelea kuja, karatasi za bunduki bado, kondoo sasa wanane. Tulipovuna na kupura, Susu alichanganya ndengu na majivu mapya, akazimimina kwenye mkebe. Hazikujaa. Zilifika kwenye mfinyo wa kwanza wa bati, vidole vitatu kutoka chini. Akatikisa mkebe karibu na sikio, akausikiliza, akaurudisha kwenye rafu. Kisha akatwaa fimbo na kuwafukuza kuku waliokuwa wanadonoa mabaki.

Mchana huo tulikula muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe. Nilikula nusu. Susu alipoingia kulala kidogo, na Afande ameenda kufuata kondoo aliyepotea, nilibeba sahani yangu mpaka kwenye ua wa kayaba, nikachuchumaa mbele ya lile shimo lenye udongo mpya mlangoni. Nikatoa mahindi kwa vidole, moja moja, nikayapanga kwa mstari. Kisha nikafuta nyayo zangu na tawi, nikaenda kuosha sahani.